Nikiswali sisikii kitu. Je, niache mpaka imani ije?

"Assalaamu alaykum, Ustadhi. Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nilianza chuo cha Qurani nikiwa na miaka mitano, nimehifadhi juzuu nane, naswali swala tano, na tangu nibaleghe sijawahi kula mchana wa Ramadhani. Tatizo langu ni kwamba sisikii kitu. Nikishasema Allahu Akbar akili inakwenda sokoni, nikitoa salamu ndipo inaporudi. Nikijiuliza kwa nini naswali, jibu la kweli ni kwamba nisipoonekana msikitini mama ataulizwa. Nafanya kazi kwa baba yangu mdogo. Ananunua dagaa pale Kibirizi na kuwasafirisha. Yeye kila Alfajiri yuko safu ya kwanza, ana alama ya sijida kwenye paji la uso, na ndiye anayechangisha fedha za kukarabati msikiti. Lakini tuna mizani miwili, mmoja wa kununulia na mwingine wa kuuzia, na daftari nashika mimi. Nikimwona analia kwenye dua natamani kutoka nje. Rafiki yangu aliyeacha kuswali ananiambia heri yeye kuliko sisi, maana yeye si mnafiki. Nimeanza kumwamini. Nafikiria niache swala mpaka nipate imani ya kweli, nisiwe namdanganya Mungu. Nifanyeje?"

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara kadhaa. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani unaniuliza juu ya swala. Nilipolirudia niliona kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka, na hiyo nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza. Unaogopa kwamba ubaridi ulio moyoni mwako ndio unafiki wenyewe, na unadhani mtu mkweli katika hali yako angeacha kuswali. Yote mawili sivyo. Usiache.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu huku kwetu limechakaa. Mitaani mnafiki ni mtu anayechukua maneno ya huku akayapeleka kule, anayekuchekea usoni na kukusengenya ukigeuka. Katika Kiarabu, wanazuoni wa lugha wanalinasibisha na tundu la panya wa jangwani: ana mlango anaoingilia, na ana tundu jingine alilolifunika udongo mwembamba ili hatari ikija atokee huko. Wanafiki wa Madina, na mkubwa wao Abdallah bin Ubayy, walikuwa watu wa namna hiyo. Walijua kwamba hawaamini. Hawakuhangaika usiku wakijiuliza. Waliingia msikitini kwa mlango mmoja wakiwa wameacha tundu la kutokea, upande wowote ukishinda nao wamo. Huo wanazuoni wanauita unafiki wa itikadi, na ndio ambao Qurani inasema watu wake watakuwa tabaka ya chini kabisa ya moto.

Upo unafiki mwingine, wa matendo, ambao Muislamu anaweza kuwa nao huku akiwa anaamini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alizitaja dalili zake tatu katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: akizungumza husema uongo, akiahidi havitimizi alivyoahidi, akiaminiwa hufanya hiyana. Zitazame vizuri. Hakuna inayosema "akiswali hasikii kitu". Zote tatu hupimwa kati ya mtu na mtu: kwenye maneno, kwenye ahadi, kwenye mali ya mwenzio iliyo mkononi mwako.

Najua umesoma, kwa hiyo utaniuliza: mbona katika Suratun Nisaa, aya ya 142, wanafiki wanaelezwa kuwa wakisimama kuswali husimama kwa uvivu na ili watu wawaone? Ni kweli, na sitaki kukulainishia aya. Lakini mtu wa Kigoma anajua kwamba homa ni dalili ya malaria, na anajua pia kwamba si kila mwenye homa ana malaria. Ndiyo maana tunatobolewa kidole kwanza, dawa baadaye. Uvivu wa swala unatokana na mengi: uchovu, mazoea, ujinga wa maana, huzuni, dhambi unayoifanya kila siku. Wa wanafiki ulitokana na kutoamini. Wako unatokana na nini? Hilo ndilo la kulichunguza.

Na hofu yako yenyewe inashuhudia upande wako. Ibn Abi Mulayka, mmoja wa wanafunzi wa Masahaba, alisema amewakuta thelathini kati yao, kila mmoja akiuogopea unafiki juu ya nafsi yake. Hasan al-Basri, mwanazuoni wa Basra, naye alisema hauogopi ila muumini na hajioni salama nao ila mnafiki. Umar bin al-Khattab, khalifa mzima, alimwendea Hudhaifa, ambaye Mtume alimwachia siri ya majina ya wanafiki, akamuuliza: je, mimi umetajiwa miongoni mwao? Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Handhala. Alitoka nyumbani akisema, "Handhala kawa mnafiki!" Abu Bakr akamuuliza kulikoni. Akajibu: tukiwa mbele ya Mtume akatutajia pepo na moto, ni kama tunaviona kwa macho, tukirudi kwa wake zetu, watoto na mashamba, tunasahau sana. Abu Bakr akasema, wallahi nasi hutupata hayohayo. Wakaenda pamoja. Mtume hakumwambia Handhala kwamba ni mnafiki. Alimwambia kwamba lau wangebaki wakati wote katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani. "Lakini, ewe Handhala, saa na saa." Alilirudia mara tatu. Handhala alikuwa mmoja wa waandishi wake. Kama moyo wa mtu aliyekaa karibu naye kiasi hicho ulipanda na kushuka, wa kwako utatulia wapi?

Sasa nikupe aya ambayo naona imeteremka kwa watu wa hali yako hasa. Ipo Suratul Hujurat, aya ya 14. Mabedui walikuja wakasema: tumeamini. Wakajibiwa kwamba hawajaamini, bali waseme wamesilimu, kwani imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Neno la Kiarabu hapo ni "lamma". Kiarabu kina njia nyingine za kukanusha, lakini hili linakanusha huku likitarajia. Waswahili tuna bahati, kwa sababu "bado" yetu inafanya kazi hiyohiyo. Ukiuliza kama mitumbwi imerudi ukajibiwa "bado", hukunji mkeka ukaenda kulala, unakaa ufukweni. Na aya haikuishia hapo. Haikuwaambia watoke wakasubiri imani nje. Iliwaambia kwamba wakimtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, hatawapunguzia chochote katika thawabu za matendo yao. Yaani matendo ya mtu ambaye imani bado haijamkolea yanahesabiwa, na kuyaendeleza ndiyo njia ya imani kuingia. Wewe ulitaka kuligeuza: imani kwanza, kisha swala. Hapa swala ndiyo mlango.

Rafiki yako nisimdharau. Ana kitu: hasemi uongo kuhusu alivyo, na huenda aliumizwa na watu wa dini kabla hajaacha. Muendelee kuwa marafiki. Lakini hoja yake ina tobo. Mtu anayedaiwa laki tano akatangaza barazani kwamba halipi, amesema kweli kuhusu nia yake, ila deni liko palepale. Na anayelipa elfu kumikumi kwa shida, bila furaha, naye si mwongo. Al-Fudhayl bin Iyadh alisema zamani kwamba kuacha tendo jema kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha. Watu huicheka kauli hii mpaka iwafike: unapoacha swala ili usionekane mnafiki, bado watu ndio wanaokuongoza.

Basi ubaridi huu unatoka wapi? Sehemu yake ni kosa letu sisi walimu, na nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nami nimefundisha hivyo. Mtoto wa Ujiji anakaa chini ya mwembe na ubao wake, anasomeshwa herufi, anasahihishwa makhraj, yaani matamshi ya herufi, kwa fimbo, anahitimu, wanapika pilau. Ukimuuliza maana ya alichosoma, hajui. Wewe una juzuu nane kifuani. Ukisimama kwenye swala ulimi unapita njia ulioizoea tangu ukiwa na miaka mitano, hauhitaji akili iusindikize, na akili iliyokosa kazi lazima itatafuta kazi sokoni. Kitu unachokijua kwa sauti tu hakiwezi kukugusa hata ukikirudia miaka ishirini.

Sehemu nyingine ni macho ya watu. Umesema mama ataulizwa. Usijione mbaya kwa hilo. Mgomba ukibeba mkungu hupewa mwega usianguke, na macho ya jamaa na jirani ni mwega wa namna hiyo: yamekushika mpaka leo, yamekufanya usiwe kobe wa kula mchana Ramadhani kwa kificho. Kosa ni kuudhani mwega kuwa ndio mzizi. Mwega unashika shina tu, chini ya ardhi haufiki. Isitoshe, katika mji wa biashara kama wetu swala ina bei. Mtu akijulikana kuwa ni wa swala tano anapewa mali kauli, anakopeshwa bila maandishi, anaaminiwa mzigo. Hilo si baya kwa asili yake. Uaminifu ulitakiwa uwe tunda la swala. Lakini mtu akishagundua kwamba mwonekano peke yake unatosha kupata tunda, anaweza kuacha kumwagilia mti.

Sasa niifikie ile sentensi. "Daftari nashika mimi."

Mwanangu, bila shaka Suratul Maun unaihifadhi, na huenda huisoma mara nyingi kwa kuwa ni fupi, aya saba. Leo isome kwa maana. Inauliza: umemwona anayekadhibisha dini? Unatarajia atajwe kafiri anayeabudu sanamu. Anatajwa anayemsukuma yatima na asiyehimiza maskini alishwe. Kisha inasema: ole wao wanaoswali! Wanaoswali, si walioacha. Ambao wanapuuza swala zao, ambao wanajionyesha, na wanazuia maun. Wafasiri wengi wanasema maun ni vyombo vidogo ambavyo majirani huazimana: sufuria, shoka, ndoo, na kwetu ungesema kinu na ungo. Tazama sura ilivyofunga: imeanza na kuikadhibisha dini, ikapita kwenye swala, ikaishia kwenye sufuria ya jirani. Ukitaka kujua swala ya mtu imefika wapi, Qurani inakuelekeza uani kwake.

Halafu ipo sura nzima ya mizani. Al-Mutaffifin, ya 83: ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Mzani wa kununulia na mzani wa kuuzia. Ni kama imeteremka Kibirizi. Mvuvi amekesha ziwani na taa zake, na mama aliyewaanika dagaa kwenye chanja akiwageuza jua lote, wanaleta kwenu. Nawe unaandika kilo pungufu ya zilizopo. Kisha muadhini anaadhini Adhuhuri, unatia udhu kwa mkono uleule ulioandika, unasimama na kusema Maliki Yaumid-Din, Mwenye siku ya malipo. Ungependa kusikia nini hapo? Moyo ulio hai ukiulizwa juu ya siku ya hesabu huku ukijua hesabu za daftari, unaweza kujifunga usisikie, kwa sababu kusikia kungeuma. Sidai kwamba najua yaliyomo ndani yako. Lakini nimekaa na watu wengi wenye malalamiko kama yako, na mara nyingi kulikuwa na kitu walichokuwa wanakifanya kati ya swala mbili ambacho hawakutaka kukileta mbele ya Mungu. Umeniuliza kama uache swala. Mimi nakwambia uache daftari lile.

Kuhusu baba yako mdogo, usimwite mnafiki, hata moyoni. Usama bin Zayd, sahaba wa Mtume, alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akidhani kaitamka kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza: ulimpasua moyo ukajua kama kasema kweli au la? Machozi ya baba mdogo wako yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Binadamu ana uwezo wa kutenga stoo mbili ndani ya nafsi yake, moja ya ibada na moja ya biashara, na ufunguo wa hii usifungue ile. Wakati mwingine ndiyo hiyo ibada inayompa ruhusa: nimechangia bati za msikiti, nimefuturisha watu arobaini, basi hivi vikilo viwili vitatu Mungu Mwingi wa kusamehe. Anaitumia sadaka kama sabuni. Naye Mtume amesema Mwenyezi Mungu ni mwema, hakubali ila kilicho chema. Kwa hiyo kumhukumu moyo si kazi yako, lakini tendo lina jina, ni kupunja, na jina hilo unaruhusiwa kulitamka.

Una njia chache, na hakuna iliyo nyepesi. Ukinyamaza na kuendelea kuandika, unasaidia dhuluma, na mshahara wako umechanganyika nayo. Hilo siwezi kukuhalalishia. Ukikataa kushika daftari lile ukabaki kwenye kazi nyingine, kupakia au kusimamia uanikaji, utapunguza sehemu yako bila kuvunja undugu, ingawa haki za watu bado zinapotea mbele yako. Ukiondoka kabisa, pengine utakuwa salama zaidi, lakini kazi Kigoma si rahisi kupata, na una mama. Sikwambii uondoke kesho bila kujua mtakula nini. Nakwambia leo uanze kutafuta, na leo kalamu yako isiandike tena namba unayojua ni ya uongo. Serikali ina Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kukagua mizani, na kuuleta mzani ukakaguliwe na kuwekwa sawa ni njia inayomwezesha mzee kurekebisha bila kukiri kitu mbele ya watu. Mpe njia hiyo kwanza kabla ya kufikiria kumshitaki.

Ya nyuma nayo yana hukumu. Toba ya haki za watu haitimii kwa istighfari peke yake. Wanaojulikana warudishiwe, au waombwe wakusamehe. Wasiojulikana au waliokwishahama, toa sadaka kwa niaba yao kiasi unachokadiria kilikufikia wewe. Kidogokidogo, kwa miaka kama ni lazima. Anza na yule mama wa chanja unayemjua kwa jina.

Kwenye swala nakupa kazi ndogo tu. Chukua sura nne fupi unazozisoma kila siku, uzisome kwa Kiswahili. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapwa 1969, bado inapatikana misikitini mwetu, na maelezo yake ya pembeni yanasaidia. Sura moja kwa wiki inatosha. Pili, kila siku uswali rakaa mbili nyumbani mahali ambapo hata mama hakuoni, usimwambie mtu. Hizo zitakuonyesha kilichobaki mwega ukiondolewa. Na usiyapime mafanikio kwa machozi. Wapo wanaolia upesi na wapo wenye macho makavu. Mtume amesema mtu anaweza kumaliza swala akaandikiwa sehemu moja tu ya kumi, au ya tisa, mpaka nusu. Kwa wanazuoni walio wengi swala isiyo na utulivu wa moyo bado inakuondolea wajibu, ila malipo yanapungua. Ukipata moja ya kumi leo, chukua, kesho utafute ya tisa.

Lipo jambo ambalo siwezi kulipima kwa maandishi. Umesema swala haina ladha. Je, chakula kina ladha? Mpira, marafiki, usingizi? Kama kila kitu kimekuwa hivyo kwa wiki mbili na zaidi, unaamka alfajiri ukiwa umechoka, unajiona huna thamani, basi huenda hii ni sonona na si suala la imani, na sonona inatibika. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Vilevile ukijikuta unarudia udhu au takbira mara nyingi usiweze kuacha, hayo ni maradhi ya wasiwasi, na kukaza ibada huyaongeza. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, usingoje asubuhi. Mwamshe mtu akupeleke usiku huohuo. Kwenda hospitali hakupunguzi tawakkul yako, yaani kumtegemea kwako Mungu.

Na mazungumzo na baba yako mdogo usiyafanye wakati wa giza, mitumbwi ikitoka kila usiku na yeye hana hata muda wa kukaa. Subiri mbalamwezi, dagaa wakikosekana na ufukwe ukipoa. Mfuate nyumbani baada ya Isha, umpe shikamoo yake, ukae chini. Usimpelekee daftari kama ushahidi, wala usimtajie msikiti. Mwambie: "Baba, mimi nimeshindwa kuandika ule mzani wa kununulia. Nikiuandika sipati swala yangu." Kisha unyamaze, umwache ajibu.